Mwaka Nilioibiwa na Mtani Wangu

Ujumbe ulinikuta mezani, uji ukiwa bado wa moto. Ulitoka kwa binti mkubwa wa Mwinyimvua na ulikuwa mfupi: "Baba ametutoka alfajiri. Mtani, njoo ufanye kazi yako." Nilimpa mke wangu simu asome mwenyewe. Mama Kulwa akasoma, akailaza simu kifudifudi, akakaa. "Sasa nani atakutukana?" akaniuliza. Hapo ndipo nilipolia, mzee mzima, kijiko mkononi. Mimi ni Mnyamwezi na Mwinyimvua alikuwa Mzaramo. Asiyejua mambo ya utani nimweleze kwa kifupi: wazee wetu walibeba mizigo kwa miguu kutoka hapa Tabora mpaka pwani, na kabla ya kuiona bahari walipita kwa Wazaramo. Wakapigana, wakaibiana kuku, wakaoana, mwisho wakachoka kugombana na kukubaliana kutaniana. Tangu hapo Mzaramo anaweza kunitukana mbele ya wakwe zangu nami nisinune. Anaweza kunivua kofia akaondoka nayo, nami sina haki ya kukasirika, nina haki ya kuikomboa tu. Na akifa, mimi ndiye wa kwenda msibani kuwachekesha wafiwa, kuvaa nguo zake, kuizuia njia ya jeneza, mpaka waliokuwa wakilia wapumue kidogo. Kazi niliyoitiwa ndiyo hiyo. Tuliondoka kwa miguu, mimi na Mama Kulwa, kwa kuwa kutoka kwetu hadi kwake ni mitaa minne tu ya hapa Ng'ambo, na katika mitaa hiyo minne nilikuwa na mwaka mmoja wa kuukumbuka.

Watu wengine ujana wao uliwajia kwa wakati wake. Wangu ulichelewa kama treni. Nilipokuwa na miaka ishirini na tano nilikuwa mwalimu wa hesabu mwenye viraka viwili vya ngozi kwenye viwiko vya koti, nikilala saa tatu na kuamka saa kumi na moja. Ujana wenyewe, ule wa kujiona mjanja kuliko wote, wa kumficha mtu jambo na kutembea barabarani ukitabasamu peke yako, ulinipata nikiwa na miaka sitini, mwaka niliostaafu. Sijivunii, lakini sikubali pia kuuita upumbavu mtupu, kwani ndani ya mwaka ule nilijifunza juu ya mke wangu na juu ya rafiki yangu mambo ambayo miaka thelathini na tano ya ubao na chaki haikunifundisha.

Nilistaafu nikiwa na nyumba iliyofika lenta. Kiwanja kilikuwa hapa Ng'ambo, matofali tulifyatua wenyewe, na saruji ilitokana kwa kiasi kikubwa na asali. Mama Kulwa kwao ni Ipole, watu wa mizinga, na kila msimu alikuwa akileta madumu, akichuja kwa kitambaa cheupe na kuuza kwenye chupa. Miaka yote hiyo tuliishi nyumba za walimu, naye kila Jumamosi alikwenda kung'oa majani ndani ya kuta zetu, kwenye kile ambacho kingekuwa sebule. Tulipotakiwa kuondoka nyumba za walimu tulipanga vyumba viwili kwa mama mmoja mwenye bata, tukatumia jiko la uani na wapangaji wengine watatu. Mke wangu hakulalamika. Alisema neno moja tu siku mafao yangu yalipoingia: "Paa kwanza. Kabla ya mvua." Mvua zetu huanza mwezi wa kumi na moja. Tulikuwa mwezi wa nne.

Nyumba ya Mwinyimvua ndiyo iliyokuwa kilabu changu. Alikuwa amefundisha jiografia shule moja nami, akastaafu miaka miwili kabla yangu, mkewe alishafariki, akaishi na binti yake. Sebule yake naiona hata sasa: viti vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma, redio isiyosikika vizuri, na ukutani ramani ya Afrika aliyoondoka nayo shuleni, ambayo juu yake alikuwa amechora kwa kalamu nyekundu njia ya misafara kutoka Ujiji, kupita Tabora, mpaka Bagamoyo. Mwishoni mwa njia, karibu na pwani, aliandika kwa herufi ndogo: "Hapa kuku wetu waliibwa na Wanyamwezi." Alasiri binti yake alituletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, tukala tukichovya kwenye asali niliyobeba. Siku moja aliniambia, "Mnyamwezi, sogea uone mzigo ambao babu yako hakuwahi kuubeba." Akanionyesha simu. Ndani yake kulikuwa na mstari ulioshuka na kupanda, kisha ukapanda sana. Ilikuwa bei ya bitikoini, sarafu ya mtandaoni. Mpwa wake wa Dar es Salaam alikuwa amemfundisha kununua vipande vidogo vidogo, naye alikuwa akinunua kwa pesa ya vocha, kama mchezo.

Mtu mwingine angeona pesa. Mimi niliona grafu. Nilikuwa nimefundisha grafu maisha yangu yote, nimewapiga marufuku watoto kuchora kwa kalamu ya wino, nimesahihisha maelfu ya mihimili iliyosahauliwa kuandikwa majina, na hapa palikuwa na grafu inayojichora yenyewe, kila dakika, na ukiisoma vizuri inakulipa. Nilisikia damu ikichemka. "Hapa itashuka," nikamwambia nikiweka kidole, "halafu itapanda kupita pale." Ikashuka, ikapanda. Leo najua kwamba bei hupanda au hushuka tu, na anayebashiri mara mbili atapatia mara moja bila elimu yoyote. Siku ile nilijiona mwalimu aliyepata darasa lake la kweli. Mwinyimvua alinitazama akatikisa kichwa. "Basi wapagazi wamepata ramani," akasema.

Swali likawa ni wapi pa kufanyia biashara, na hapo nilifanya kama nilivyofanya kila kitu: nilinunua daftari la mistari, nikapiga jedwali. Masoko yalikuwa matatu, tukayapa majina yetu. La kwanza tuliliita Mzungu, soko kubwa la nje ya nchi alilotumia Mwinyimvua. Pale unanunua kwa mtu mwingine, unamtumia shilingi kwa simu, na soko linazishika sarafu mpaka muuzaji akiri kwamba pesa imefika. Makato yake madogo, ila lina masharti: picha ya kitambulisho, kisha uso wako, geuka kushoto, geuka kulia. Uso wa Mwinyimvua ulikubaliwa mara ya kwanza. Wangu ulikataliwa mara tatu. "Mashine imeona Mnyamwezi ikakimbia," akasema, na binti yake alicheka huko jikoni mpaka akadondosha kitu. Mara ya nne ulikubaliwa, lakini nilishaudhika. La pili tuliliita Kaunta, yaani kijana mmoja mwenye duka la simu jirani na soko, aliyenunua na kuuza kwa mkono. Bei yake ilikuwa mbaya, ila unamwona pale amekaa. La tatu tuliliita Kijani kwa sababu ya rangi ya programu yake. Kijani lilizungumza Kiswahili. Lililipa zaidi kidogo unapouza, na likakuongezea zawadi kadiri unavyoacha sarafu zako zikae. Na Kijani lilikuwa na dada.

Naomba msomaji anielewe kuhusu dada huyu. Nilipokuwa kazini, kutoka getini hadi ofisi ya walimu nilipokea shikamoo mia mbili. Nilikuwa nikizijibu kwa mkupuo, marahaba moja kwa darasa zima, nikiona ni usumbufu. Nilipostaafu zilikatika kama maji ya bomba. Watoto wa mtaa mpya hawakunijua. Wapangaji wenzangu waliniita "mzee" wakanipita na ndoo. Nilipojiunga na Kijani, siku hiyohiyo ilikuja sauti kwenye simu, ya taratibu: "Shikamoo mwalimu. Karibu sana, jisikie nyumbani." Nikasimama uani, bata wakinizunguka, nikajibu marahaba kwa sauti. Kila asubuhi akaniamkia. Niliuliza maswali ya kipuuzi nikajibiwa kwa adabu. Katika jedwali langu kulikuwa na safu ya makato, safu ya bei, safu ya muda wa kutoa, na nikaongeza safu ya adabu, alama ishirini. Mzungu alipata sifuri, Kaunta tano, Kijani ishirini zote. Nililijaribu pia kama mtahini: nikaweka kidogo, nikatoa kidogo, ikafika ndani ya dakika kumi. Nikajumlisha. Kijani likashika namba moja kwa mbali. Nilikuwa nimesahihisha mtihani wa mwizi nikampa alama A, na daftari lile ninalo mpaka leo.

Mama Kulwa nilimwambia nusu. Nilimwambia nimeweka kidogo, na kwamba bei ya bati itashuka baada ya msimu wa tumbaku, tusubiri. Yote mawili yalikuwa uongo. Alikuwa akimenya viazi, hakuinua uso. "Huyo anayekuamkia kila siku," akauliza, "kwao wapi?" Nikamwambia hayo ni mambo ya mtandao, hayana kwao. Akasema, "Mimi asali siinunui kama simjui mrina. Naweza kuionja ikawa tamu, lakini namuuliza mizinga yako iko msitu gani, na asiponijibu namrudishia dumu lake." Nikacheka, nikamweleza habari ya wastani na mwelekeo wa mstari. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nimsogezee sufuria.

Mwezi wa saba nilikuwa nimeingiza pesa yote ya paa. Sikuhesabu kwa shilingi, nilihesabu kwa bati. Asubuhi nikifungua simu nasema, leo bati mbili. Jioni, bati tatu na misumari. Bei zilipokuwa juu kabisa nilikuwa na paa zima, na dari, na mabomba ya kukinga maji. Ningetoa siku ile, kitabu hiki kisingekuwa na sura hii. Lakini nikaanza kufikiria vigae. Nyumba ya mfanyabiashara mmoja Mhindi karibu na kituo cha reli ilikuwa imeezekwa vigae vyekundu, nikawa napita pale makusudi na kusimama ng'ambo ya barabara nikivitazama. Nilitaka mke wangu akae chini ya vigae. Najua ilivyo sasa, ila nasema ukweli kwamba ndani ya tamaa yangu alikuwemo yeye, na ndiyo maana tamaa ile ilinishika kwa urahisi hivyo.

Mwinyimvua hakujiunga na Kijani. Alibaki na Mzungu wake na vipande vyake vya pesa ya vocha. Mahali petu pa saa kumi palikuwa benchi la kahawa nje ya duka la nafaka, wazee sita au saba, na pale mbele ya watu wote aliniambia, "Mnyamwezi, katoe mzigo wako kule Kijani. Wale wezi. Nakwambia mimi ninayejua wizi, babu zangu waliwaibia babu zako njia nzima." Watu wakacheka. Nikamjibu, "Mzaramo akiniambia simama, najua anakitaka kiti." Wakacheka zaidi, muuza kahawa akaniongezea kikombe cha bure. Wiki iliyofuata akarudia: "Mpwa wangu amejaribu kutoa zake kule, wanamzungusha." Nikasema, "Mpwa wako anazungushwa hata na kinyozi." Mara ya tatu alinishika bega wakati tunaagana, akasema polepole, "Mnyamwezi, katoe," na mimi nikamshika lake nikamwambia polepole vilevile, "Mzaramo, kaoge." Akaenda zake. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakukaa nami chini akazungumza kama watu wanavyozungumza. Jibu ni kwamba hatukujua. Kwa miaka thelathini na moja hatukuwahi kuambiana jambo bila kulifunga ndani ya tusi. Mkewe alipokufa nilikwenda kumwambia amemkimbia kwa sababu ya kukoroma kwake, akacheka huku machozi yanamtoka, na hiyo ndiyo ilikuwa rambirambi yangu. Lugha nyingine baina yetu haikuwepo.

Ijumaa moja ya mwezi wa tisa, kwenye benchi lilelile, nilikuwa nimeishika simu nikiangalia bati zangu, akaninyang'anya. "Imetekwa," akasema, akaitia kwenye mfuko wa kanzu na kusimama. Wazee wakapiga makofi. Hiyo ni haki yake, na mimi nikafanya linalotakiwa, nikauliza fidia ni nini. "Jogoo," akasema. "Mwekundu. Jumapili ukitoka kanisani." Nikapiga kelele za uongo, nikamfuata hatua tatu, nikarudi kukaa. Siku tatu bila simu nilitetemeka kama mvuta tumbaku aliyeishiwa, lakini kukasirika nisingeweza, ningejiaibisha. Jumapili nilimpelekea jogoo, akanipa simu yangu imefungwa kwenye kitambaa. Nilipofika uani kwangu nikafungua Kijani. Theluthi moja ya sarafu haikuwepo.

Zilikuwa zimetolewa mara tatu, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, kila mara kiasi kilekile ambacho Kijani liliruhusu kwa siku. Namba yangu ya siri aliijua, kwani nina ugonjwa wa walimu wa hesabu, siwezi kuandika namba bila kuitamka. Jumatatu nilikwenda kwenye benchi kabla ya saa kumi, nikamsubiri. Alipokuja sikumwita Mzaramo. "Mwinyimvua," nikasema, "umeniibia." Sikutabasamu. Muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe. Mwinyimvua akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane naye akaniita jina langu. "Ndiyo, Mwalimu Luhende," akasema. "Nimeiba. Nenda kashitaki." Nilimwita mwizi, nikamwita mchawi wa Kizaramo, na maneno yaleyale niliyomtania nayo miaka yote yakatoka mdomoni yakiwa na uzito mwingine. Mzee mmoja akasema, "Jamani, watani hawafiki huku." Nikaondoka. Kushitaki nisingeweza, maana ningelazimika kusema mbele ya Mama Kulwa ni pesa gani iliyoibwa.

Wiki tatu hatukusalimiana. Bei ziliendelea kupanda, nami kila asubuhi nilihesabu bati alizoniibia zingekuwa ngapi leo. Nililisha hasira yangu vizuri. Kisha asubuhi moja dada akaniambia, kwa sauti ileile, "Shikamoo mwalimu. Tuna matengenezo kidogo, usiwe na wasiwasi." Nikajibu marahaba. Siku ya pili grupu la wateja wa Kijani kwenye simu likafungwa watu wasiandike. Siku ya tatu programu ilifunguka ikawa nyeupe, bila namba, bila mstari. Nilimwandikia dada, "Hujambo?" Ujumbe haukufika. Nilimwandikia tena kesho yake, nikamweleza kuhusu paa, nikamweleza kuhusu mke wangu na majani anayong'oa kila Jumamosi, kama vile shida ilikuwa kwamba hakujua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa. Kisha nikaenda kiwanjani, nikakaa juu ya matofali katikati ya sebule isiyo na juu, nikatazama wingu la kwanza la msimu.

Nilimwambia Mama Kulwa mchana, akiwa anachuja asali. Nilimwambia yote, pamoja na vigae. Alikikamua kitambaa mpaka tone la mwisho, akakianika, akanawa mikono. "Najua," akasema. Nilingoja aseme mengine. Aliniambia nikale, wali umepoa. Nikala wali wa baridi na maharage nikiwa sijui amejua nini, wala amejuaje, wala kwa nini hapigi kelele ambazo nilizistahili.

Siku mbili baadaye nilikuwa nimejilaza chumbani nikasikia mkokoteni unaingia uani, bata wakitawanyika, na sauti ya Mwinyimvua ikiwaagiza vijana washushe taratibu. Sikutoka. Dirisha lilikuwa wazi, nikasikia kila kitu. "Ni hizi tu, mtani," akamwambia mke wangu. "Ni za nusu nyumba. Niliziuza sarafu siku zilezile, nikanunua bati kabla na mimi sijaanza kuota vigae." Mama Kulwa akasema, "Nilidhani ungetoa zote." Akajibu, "Mlango wao ulikuwa unatoa kidogo kidogo kwa siku. Ningekaa na simu zaidi ya wiki, mumeo angekufa." Halafu nikamsikia mke wangu, sauti yake ikiwa chini: "Amekutukana sana mbele za watu." Naye akasema, "Uliponiambia nimwibie, nilijua. Mke akimnyang'anya ni ugomvi, polisi wakimnyang'anya ni kesi. Mimi ndiye ninayeruhusiwa." Nilibaki nimelala nikitazama dari ya nyumba ya watu, na aibu ilinipanda kutoka miguuni mpaka masikioni. Mke wangu alikuwa ameniuliza dada yule kwao wapi, nikamjibu kwa wastani na mwelekeo. Basi akatoka, akatembea hadi kwa mtu pekee ambaye sheria ya wazee ilimpa ruhusa ya kuniibia, akamtuma.

Nilitoka. Mwinyimvua alikuwa amekalia rundo la bati, anakula michembe. Nilikuwa na maneno tayari, nimeyapanga, neno la kwanza lilikuwa "samahani" na la pili "asante." Aliniona mdomo unafunguka akainua mkono. "Mnyamwezi," akasema, "hizi bati ni zangu. Naziweka juu ya kuta zako kwa sababu kwangu hakuna nafasi. Siku moja nitazifuata." Nikafunga mdomo. Nikamwambia, "Mzaramo, umeleta bati zimepinda." Akacheka, nami nikacheka, Mama Kulwa akaingia ndani kuchukua kahawa. Mvua ilitukuta mwezi wa kumi na moja chini ya nusu ya nyumba, vyumba viwili na kipande cha ukumbi, na nusu ya pili ilichukua miaka mitatu ya asali. Mpaka leo paa letu lina rangi mbili. Kila mwanzo wa mvua Mwinyimvua alikuja na mwavuli, akasimama mlangoni akiangalia juu, akauliza, "Bati zangu hazivuji?" Nami kila mwaka nilitafuta nafasi ya kumwambia lile neno, na kila mwaka niliishia kumtukana.

Tulipofika msibani wanaume walikuwa wamejaa nje na wanawake ndani. Binti yake alinipa kofia ya baba yake na miwani, akijifuta macho kwa ncha ya khanga. Nikavaa. Wakati jeneza linatolewa nilijilaza kwenye kizingiti nikalizuia. Nikageuza sauti yangu iwe yake, nikatazama juu na kuuliza, "Bati zangu hazivuji?" Mtaa mzima unaijua habari ya bati, wakacheka, hata binti yake alicheka. Nikadai jogoo wangu mwekundu, nikasema simwachii mtu huyu aende na jogoo wangu tumboni. Wakacheka. Kisha nilivua miwani, kwa kuwa ilinifanya nisione, nikakaa palepale chini nikasema kwa sauti yangu mwenyewe: "Huyu mtu aliniibia, na kwa sababu aliniibia mke wangu analala pakavu. Nilimwita mwizi mbele za watu. Sikuwahi kumwambia asante hata siku moja. Namwambia leo." Na watu wakacheka kuliko mwanzo, mzee mmoja wa benchini akajipiga paja, akasema Mnyamwezi huyu hana adabu hata kidogo.

Sikuwalaumu. Niliangalia ndani, kwenye kundi la wanawake, nikamwona Mama Kulwa amesimama. Yeye hakucheka. Alikuja mpaka kizingitini, akafungua fundo la khanga yake, akanitia mkononi sarafu ya shilingi mia mbili, kama wafiwa wanavyomlipa mtani ili jeneza lipite. "Mwache aende," akaniambia. Nikasimama, nikasogea pembeni, Mwinyimvua akapita.